Gari linapozima ovyo: Kwa nini hitilafu za umeme humaliza pesa, na unalipia nini karakanani

HAKUNA ubovu wa gari unaomchosha mwenyewe, na kumchosha fundi vilevile, kuliko ule unaokuja na kutoweka. Gari huzima ghafla katika barabara kuu ya Thika saa moja jioni, taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, mwenyewe akalisukuma kando huku matatu yakimpigia honi. Baada ya dakika ishirini anazungusha ufunguo na injini inaitika kana kwamba hapakuwa na neno. Kesho yake gereji, fundi analiwasha mara kumi, analizungusha mtaani, na haoni kitu.

Hapo ndipo gharama huanza. Kwa kuwa kila upande unataka ionekane kwamba jambo fulani limefanyika, kipuri hubadilishwa. Gari hukaa sawa kwa wiki mbili, ambazo huenda lingekaa sawa hata bila kipuri hicho, kisha huzima tena. Kinabadilishwa kingine. Kufikia mwezi wa tatu mwenye gari amekwisha kulipia betri, plagi, pampu ya mafuta na sensa mbili, ilhali waya uliolegea, ambao ungekazwa kwa spana namba kumi, ungali umelegea palepale.

Chanzo cha masaibu haya kimo katika njia ambayo umeme hupitia. Kutoka kwenye betri huenda kwenye fyuzi, swichi, rilei, soketi kadhaa, hadi kwenye chombo kinachohitaji umeme, kisha hurudi kupitia bodi ya gari na waya ambao mafundi huuita athi. Kitu kilichokatika kabisa katika njia hiyo hakisumbui kukitafuta, kwa sababu hakifanyi kazi leo wala kesho. Kinachosumbua ni kiungo kinachogusana nusunusu. Mguso huo hubadilika kutokana na joto, mtikisiko au unyevu, na mara nyingi hali hizo hazipo gari linapokuwa limetulia kivulini mbele ya fundi.

Mfano unaojulikana sana ni wa magari ya Honda ya mwishoni mwa miaka ya themanini na ya miaka ya tisini. Rilei kuu iliyopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta ilikuwa na lehemu ambayo, kadiri miaka ilivyopita, ilipata nyufa ndogo mno. Gari likiegeshwa juani, joto lilizipanua nyufa hizo, pampu ikakosa umeme na injini ikakataa kuwaka. Dereva akifungua madirisha na kungoja, rilei hupoa na injini huwaka. Ilikuwa rahisi sana kuilaumu pampu. Tiba ilikuwa kuifungua rilei na kuitia lehemu upya, au kununua nyingine.

Kwa wenye Toyota, ambao humu nchini ni wengi, kuna kisa cha starta. Ufunguo ukizungushwa husikika mlio mmoja tu, "ta!", na injini haizunguki. Ukijaribu mara ya tano au ya sita, inazunguka. Ndani ya swichi ya starta mna vipande viwili vya shaba ambavyo hugongwa na kisahani kila gari linapowashwa, na baada ya miaka mingi shaba hiyo huliwa upande mmoja. Kisahani nacho hujizungusha kidogo kidogo, hivyo siku moja hutua mahali penye shaba na siku nyingine mahali palipoliwa. Vipande hivyo huuzwa peke yake na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya starta nzima. Lakini mteja asiyejua kwamba vipo atauziwa starta, na kabla ya hiyo ameuziwa betri.

Kundi la tatu ni la vihisi, hasa kile kinachoijulisha kompyuta mzunguko wa injini. Ndani yake mna vifaa vya elektroniki au waya mwembamba uliosokotwa, na vikianza kuchakaa hukata mawasiliano injini inapopata moto mkali. Injini huzima bila kukohoa, kama taa iliyozimwa. Ikipoa, huwaka. Dalili hiyo, ya kuzima ghafla ikiwa moto na kuwaka ikiwa baridi, ina thamani kubwa kwa fundi kuliko maelezo marefu kwamba "gari linasumbua".

Hata hivyo, hitilafu nyingi zinazoonekana katika karakana za Kenya hazikutoka kiwandani. Gari la mtumba linapofika Mombasa kutoka Japani, nyaya zake kwa kawaida zingali kama zilivyofungwa na mtengenezaji. Linapoanza kutumika hapa huongezewa king'ora, kifaa cha kulifuatilia endapo mnunuzi alikopa benki, redio mpya, taa za ziada na swichi ya siri ya kukata mafuta. Magari ya uchukuzi wa abiria huwekewa pia vidhibiti mwendo, ambavyo kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilivifanya kuwa lazima tangu mwaka 2004, mbali na mitambo ya muziki ambayo nguvu zake zingetosha ukumbi wa harusi.

Vingi kati ya vifaa hivi hufungwa kwa namna moja. Waya wa asili huchunwa gamba, ukazungushiwa mwingine kwa mkono, ukafungwa utepe mweusi. Mahali panapopendelewa ni chini ya usukani, kwenye nyaya za swichi ya kuwashia, ndizo zilezile zinazolisha kompyuta ya injini. Kwa mwaka mmoja au miwili mambo huenda salama. Kisha gundi ya utepe huyeyuka kwa joto, shaba hushika kutu, na mtikisiko wa barabara za murram humaliza kazi. Vifaa vya kufuatilia gari na vidhibiti mwendo vina hatari zaidi kwa sababu baadhi yake huundwa makusudi ili viweze kuikata injini; vikiharibika, hufanya kilekile vilichoundiwa kufanya, ila kwa wakati usiofaa.

Yapo pia mambo ya kawaida ambayo watu huyapuuza. Kuosha injini kwa maji ya shinikizo kubwa huingiza maji ndani ya soketi. Panya hutafuna nyaya za gari lililokaa bila kutumika. Kule Pwani, hewa ya chumvi hushika viungo vya athi vilivyo wazi, na gari lililowahi kuzama katika mafuriko, kama yale ya Aprili na Mei 2024 jijini Nairobi, huweza kuanza kuonyesha vituko miezi kadhaa baada ya viti kukauka na mmiliki kulisahau janga lenyewe.

Wateja wengi huamini kwamba siku hizi kompyuta humaliza utata wote: fundi huchomeka mashine, mashine ikasema ugonjwa. Imani hiyo ndiyo iliyowapotezea pesa nyingi zaidi.

Ni kweli kwamba magari ya kisasa hujichunguza. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa uchunguzi kwa magari mapya ya abiria kuanzia mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Kompyuta ya gari ikiona jambo lisilo la kawaida huhifadhi namba ya hitilafu. Lakini namba hiyo hueleza kile ambacho kompyuta ilikiona, na wala haielezi kilichosababisha. Chukua namba P0335. Maana yake ni kwamba kuna kasoro katika mkondo wa kihisi cha mzunguko wa injini. Huenda kihisi kimekufa. Huenda pia waya wake umechunika, soketi yake imeingia mafuta, au athi imelegea. Namba U0100 nayo husema kwamba kompyuta nyingine za gari zimepoteza mawasiliano na ile ya injini, na huweza kutokea kwa sababu ya betri iliyochoka tu. Fundi anayesoma namba na kwenda moja kwa moja dukani kununua kipuri amesoma nusu ya habari.

Aidha, zipo hitilafu zisizoacha namba yoyote. Shaba ya starta iliyoliwa haimo katika orodha ya vitu ambavyo kompyuta za magari mengi huvichunguza. Hivyo basi, mashine kusema "hakuna hitilafu" haimaanishi kwamba mteja anaota.

Kuna habari moja ndani ya kompyuta ambayo ni muhimu kuliko namba yenyewe, nayo ni picha ya hali ilivyokuwa wakati hitilafu ilipotokea: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji. Bahati mbaya, kitendo cha kwanza cha mafundi wengi wa kando ya barabara ni kuchomoa betri "ili kompyuta ijipange upya". Katika magari mengi kitendo hicho hufuta kumbukumbu zote. Gari hutulia siku mbili, fundi husifiwa, na ushahidi umekwisha kupotea.

Fundi wa umeme anayeijua kazi yake huanza na mambo madogo. Hupima betri: ikiwa imejaa na imepumzika, husoma takriban volti 12.6, injini ikiwa inanguruma, alteneta inapaswa kuipandisha hadi kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi, ingawa baadhi ya magari mapya hushusha kiwango hicho kimakusudi. Kisha hupima nyaya zikiwa kazini, yaani umeme ukipita ndani yake. Hili la mwisho ndilo linalotenganisha fundi na mbahatishaji.

Sababu ni hesabu nyepesi. Starta huweza kuvuta ampea 150. Iwapo kiungo cha athi kina ukinzani wa ohmu 0.02 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi kukitofautisha na sufuri, volti tatu hupotelea hapo. Starta iliyotarajia volti kumi na kitu hupata tisa au chini yake, na kompyuta nayo huyumba. Mtu akipima waya huo gari likiwa limezimwa ataapa kwamba ni mzima. Akiupima starta inapozunguka, ncha moja ya mita kwenye betri na nyingine kwenye injini, atauona wizi waziwazi.

Baada ya hapo fundi hujaribu kuiita hitilafu ijitokeze. Hutikisa nyaya injini ikiwa inanguruma, soketi moja baada ya nyingine. Hupasha kihisi moto kwa mashine ya kukaushia nywele, au hunyunyizia maji panaposhukiwa. Huweka taa ndogo kwenye waya wa pampu ya mafuta na kumwachia mteja gari aende nalo, ili likizima aangalie kama taa nayo imezima. Jaribio hili la mwisho haligharimu kitu, na jibu lake hugawa tatizo nusu kwa nusu: ama pampu imenyimwa umeme, ama imepewa nayo haikufanya kazi.

Betri inayoisha usiku ina utaratibu wake. Gari lililofungwa na kuachwa mpaka kompyuta zake zote zilale halipaswi kuvuta zaidi ya takriban miliampea 50. Kwa kiwango hicho, betri ya saa-ampea 45 hustahimili wiki kadhaa. Redio au king'ora kikivuta nusu ampea mfululizo, hula saa-ampea 12 kwa siku, na betri hiyohiyo haifikishi siku ya nne. Kununua betri mpya katika hali hiyo ni kununua siku nne.

Kazi yote hii huhitaji muda, na hapa ndipo suala la malipo linapoanza kuwa nyeti. Katika karakana ya wakala rasmi, kubadilisha breki au kamba ya injini ni kazi ambayo mtengenezaji ameiwekea saa zake kitabuni. Kutafuta waya uliochunika hakuna saa kitabuni. Huenda ukapatikana kwa dakika kumi au kwa siku tatu. Nchini Marekani, ambako mafundi wengi wa mawakala hulipwa kwa saa hizo za kitabu, fundi anayehangaika na hitilafu ya aina hii huweza kufanya kazi kutwa nzima na kulipwa ya saa moja. Si ajabu basi kwamba gari hurudishiwa mwenyewe likiwa na karatasi iliyoandikwa kuwa tatizo halikuonekana.

Maneno hayo yaliwahi kuwa na gharama kubwa kuliko pesa. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliyarejesha magari takriban milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya kuwashia iliyokuwa na springi dhaifu. Gari likirushwa na shimo, au goti la dereva likigusa funguo, swichi iliweza kuteleza kutoka mahali pake. Injini ilizima, usukani ukawa mzito, na mifuko ya hewa haikufunguka. Malalamiko ya magari kuzima ovyo yalikuwepo tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Mnamo 2006 swichi iliimarishwa, lakini namba ya kipuri haikubadilishwa, jambo lililowavuruga wachunguzi kwa miaka. Mwanamke mmoja wa jimbo la Georgia alilalamikia gari lake kuzima, akalipeleka kwa wakala likashughulikiwa mfumo wa mafuta, na siku chache baadaye, Machi 2010, akafa katika ajali. Hazina ya fidia ya kampuni hiyo ilikubali hatimaye madai ya vifo 124.

Kutokana na kisa hicho, mwenye gari jipya ambalo lingali chini ya waranti hana budi kuripoti kila tukio kwa maandishi, hata fundi asipoona kitu. Kadi ya kazi iandikwe lalamiko kwa maneno ya mteja, tarehe na kilomita. Waranti ikiisha kabla ya hitilafu kupatikana, karatasi hizo huonyesha kwamba ilianza mapema.

Wenye magari ya mtumba, ambao ndio wengi, hawana kinga hiyo. Magari yaliyoundiwa soko la Japani huweza kutofautiana kwa nyaya na vipuri na yale ambayo wakala wa hapa huyauza, na wakala hana wajibu wa kuyahudumia bila malipo. Je, kuna haja ya kwenda kwake? Ipo pale ambapo ufunguo wenye chipu umepotea, kompyuta mpya inahitaji kufundishwa kulitambua gari, au gari ni la haibridi, ambalo betri yake kubwa ina zaidi ya volti mia moja na nyaya zake za rangi ya chungwa si za kuchezewa na yeyote asiye na mafunzo na glavu zinazofaa. Lakini kwa king'ora kilichofungwa vibaya mtaani Kirinyaga Road, mtaalamu wa umeme wa magari mwenye mita, michoro ya nyaya na subira humaliza kazi kwa bei nafuu.

Popote atakapokwenda, mteja hununua vitu viwili tofauti na inafaa vitengwe katika bili: muda wa kutafuta, na ukarabati. Kulipia saa mbili za utafutaji bila kubadilishiwa chochote huwauma wengi, ilhali hayo ndiyo malipo ya haki kuliko yote. Kinachostahili kugombewa ni kipuri kilichowekwa kwa kubahatisha. Kabla ya fundi kukifunga, aulizwe ni kipimo gani kilichoonyesha kwamba cha zamani kimekufa. Mwenye jibu hulitoa kwa sentensi moja.

Sheria nayo iko upande wa mteja kuliko anavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinatambua haki za watumiaji bidhaa na huduma, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari. Kwa mujibu wake, mkarabati anatakiwa kutoa kadirio la gharama kabla ya kutoza, na bili haifai kupita kadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Ada ya kadirio lenyewe haitozwi mpaka mteja awe ameelezwa mapema. Kwa hitilafu zinazojificha, ambazo kadirio lake ni gumu, lililo bora ni kuandika kiwango cha juu: saa tatu za utafutaji kwa bei fulani, kisha simu ipigwe kabla ya kuendelea. Mteja adai pia kurudishiwa vipuri vilivyotolewa.

Kwa upande wake, mteja anaweza kuipunguza bili kabla ya kutoka nyumbani. Daftari ndogo ndani ya gari inatosha: tarehe, saa, injini ilikuwa moto au baridi, kulikuwa na mvua, barabara ilikuwa mbovu, taa zipi ziliwaka, redio ilizima au iliendelea kuimba. Hilo la redio huonekana la kipuuzi, lakini redio ikizima pamoja na injini, fundi huanzia kwenye betri, athi na swichi ya kuwashia. Ikiendelea kuimba, huelekea kwenye pampu, vihisi na rilei. Video fupi ya dashibodi iliyonaswa kwa simu huokoa maelezo mengi. Orodha ya kila kilichoongezwa garini, hata na mmiliki aliyetangulia kama inajulikana, nayo iwekwe mezani bila kuficha swichi ya siri.

Mzozo ukizuka, gari lisichukuliwe kwa mabavu, kwa kuwa mkarabati ana haki ya kulizuilia hadi alipwe kazi aliyoagizwa. Mteja anayeona ametozwa kupita kiasi anaweza kulipa huku akiandika kwenye risiti kwamba amelipa kwa pingamizi, achukue kadirio, kadi ya kazi na vipuri vyake vya zamani, na kuwasilisha dai katika Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, hailazimishi mtu kuwa na wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60.